Ziro ya Kijani

18 Machi

Mwenzangu ameondoka jana. Amepanda ndege ya kweli, yeye ambaye hata akipanda stuli kubadilisha taa huniita nije nimshike. Na mimi niliyejaza kabati zima ndege za plastiki, ya kweli sijawahi kupanda hata moja. Amekwenda kwa binti yetu, ambaye siku zake za kujifungua zimekaribia, na huyo ni mtoto wake wa kwanza. Atarudi mvua zikiisha. Ndivyo alivyoniambia mlangoni, nimemshikia begi: "Mvua zikiisha, Fundi." Ananiita Fundi tangu tulipokuwa wachumba, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza mizani za madukani, na kwa sababu anajua jina hilo likitoka mdomoni mwake silichoki.

Daftari hili kaninunulia yeye. Anasema kwenye simu sifai, nikiulizwa hali nasema salama, nikiulizwa tena nasema salama tu. "Andika. Nikirudi nitasoma nijue kama ulikuwa hai." Haya, niko hai. Leo nimetengeneza mizani ya muuza nyama. Ilikuwa inamwibia yeye badala ya kuwaibia wateja, ndiyo maana kaileta mbio.

Dada yangu mkubwa amekuja kukaa hapa ili nisife njaa. Ni mjane, watoto wake wana miji yao, na hobi yake ni kusafisha vitu visivyo vyake. Nimemwonyesha meza yangu iliyo karibu na dirisha nikamwambia, dada, nyumba nzima ni yako, ila hapa ndipo mpaka. Amesema sawa. Sikuipenda ile sawa yake.

Juu ya meza kuna Ziro. Ni ndege ya kivita ya Wajapani, ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe, na ikikamilika itakaa kiganjani. Hii ni ya miaka ya mwisho ya vita: mgongo kijani iliyokolea, tumbo kijivu, pua nyeusi, na duara jekundu kwenye kila bawa na kila ubavu. Kabla hajaondoka, mwenzangu alinichanganyia rangi akazitia kwenye vichupa vya dawa, halafu akakwaruza vifuniko kwa sindano. Mkwaruzo mmoja ni kijani, miwili ni nyekundu. Kijivu, nyeusi na manjano nazijua mwenyewe. "Sijakuacha yatima," akasema. "Nikirudi niikute imesimama juu ya redio."

21 Machi

Mvua imeanza. Imeanza kwa hasira.

24 Machi

Dada kanituma nyanya. Nimerudi nazo, akaziangalia, akaniangalia mimi. "Mdogo wangu, hizi umezichuma au umenunua? Mbona kijani zote?" Nikamwambia muuzaji kaniharakisha kwa ajili ya mvua. Muuzaji wa watu hakunifanya lolote.

Ukweli ni kwamba nyekundu na kijani machoni mwangu ni mapacha. Zote mbili naziona kama chai iliyopoa. Barabarani najua taa ya juu ni simama na ya chini ni nenda, basi nimeishi salama. Wanaojua ni mwenzangu na binti yetu. Wengine wote nimewaficha, dada akiwa wa kwanza, kwa sababu nikimwambia jambo leo, kesho nalisikia sokoni.

Mwenyewe nililijua nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Mteja mmoja mwenye duka la vitu vya watoto alinizawadia boksi la ndege, Ziro kama hii. Nikaijenga siku nzima, nikaipaka rangi, nikampelekea mke wangu jikoni nikijiona bingwa. Akafuta mikono, akaishika. Akauliza, "Hili duara umelipaka rangi gani?" Nikasema nyekundu. Akauliza, "Na hii sufuria ya rangi gani?" Nikasema nyekundu. Vyote viwili vilikuwa kijani. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mimi nilikuwa nimenuna, natafuta pa kwenda. Halafu akainuka, akabeba kiti cha jikoni mpaka kwenye meza yangu, akaniambia, "Sogea." Tangu siku hiyo mimi naunganisha, yeye anapaka. Kabati lote lile ni mikono minne.

Leo nimeunganisha chumba cha rubani. Kiti, usukani, mikanda. Kile kiti cha jikoni kiko pale pale pembeni, dada anawekea nguo za kupiga pasi.

2 Aprili

Tumepata mjukuu wa kike! Binti yetu mzima, mtoto mzima. Mkwe ndiye aliyepiga, sauti inatetemeka, kama yeye ndiye aliyejifungua. Kisha akampa simu mwenzangu. Nilikuwa na maneno mengi, nikasema, "Hongera. Sisi salama." Akasema, "Anafanana na wewe, kanuna." Akauliza tunakulaje. Nikamwambia asijali kuhusu huku, akae tu amsaidie mtoto, hapa shwari.

Dada alinikata jicho. "Hapa shwari," akaniiga. "Jana si ulikuwa unatafuta fulana yako mpaka ukaingia chini ya kitanda?"

5 Aprili

Mvua. Mizani zinashika kutu, wateja ni wengi.

11 Aprili

Mabawa nimeyabandika. Panaposhika na mwili pana mwanya, nimeziba kwa lipu ya plastiki na nimesugua kwa msasa kidogo kidogo. Kazi hii ya msasa mwenzangu huiita kubembeleza. Hukaa pembeni akikosha brashi zake ambazo hazina uchafu, na hunihadithia mambo ya watu. Sikujua kama nayasikiliza. Sasa meza iko kimya, najikuta nimesimamisha mkono nasubiri aendelee na habari ya yule jirani na mkwewe.

Kinyozi, ambaye banda lake limeegemeana na langu la kazi, kaniuliza leo kwa nini najenga ndege za vita za watu wasio wa kwetu. "Shikamoo mzee, usinielewe vibaya, lakini hizi si ziliua watu?" Nikamwambia ziliua, na waliokuwa ndani nao walikufa, vijana watupu. Akauliza, sasa kwa nini usijenge magari? Nikamwambia akate nywele. Swali lenyewe lina jibu, ila jibu si la kumpa kinyozi.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua. Amepiga simu. Mtoto ananyonya vizuri, ila usiku halali. Nikamwambia kaa tu. Akasema, "Haya."

27 Aprili

Leo nimeletewa kifurushi. Nikajua mwenzangu kanitumia kitu, nikakifungua kwa meno. Kumbe kimetoka kwa binti yetu. Ndani mna boksi jipya la ndege ya kuunganisha, Mjapani vilevile, inaitwa Hien, yenye pua ndefu iliyochongoka. Ni ya fedha mwili mzima, kama sufuria mpya. Maduara yake mekundu ni stika, unachovya majini unabandika. Hakuna kijani hata tone.

Jioni binti akapiga. "Shikamoo baba. Umeiona? Nimeizunguka mitandao yote mpaka nikaipata. Hii unaijenga mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Hutamhitaji mama."

Marahaba, nikasema. Nzuri. Ahsante mwanangu.

Ndipo likaja lenyewe. Likizo yake inaisha, mkwe anashinda kazini, mtoto halali, na wao kule hawana mtu. Wangependa mama akae, kama hakuna ubaya, mpaka mtoto atembee. "Si umesema huko kuko shwari, baba? Mama mwenyewe anasema hujalalamika hata siku moja."

Mpaka atembee. Mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza.

Nikamwambia, "Nyinyi mtakavyoamua." Nikakata simu nikakaa. Sina kinyongo na binti yangu, nilimwona alipokuwa anazaliwa na najua mama yake alivyochoka siku zile. Anachoomba ni haki yake. Na yule mtoto ni damu yangu. Sasa hapo mtu mzima unasema nini? Unasema mnirudishie mke wangu? Watu watanicheka mpaka kinyozi afunge kazi.

Lakini nimeliangalia boksi lile la fedha na nimelichukia. Nimeliweka juu ya kabati, nyuma ya feni mbovu. Sitalifungua.

28 Aprili

Sikwenda kazini. Nimemwambia dada nina mafua.

30 Aprili

Dada kapika supu ya mafua ambayo sina. Nimeinywa yote, ana mkono mzuri. Akaniuliza, "Amekwambia anarudi lini?" Nikasema mvua zikiisha. Akachungulia dirishani, akasema basi naomba Mungu zisiishe vibaya. Sijui alikuwa na maana gani, nahisi hata yeye hajui.

4 Mei

Nimerudi kazini leo, na nilichoogopa kikatokea. Dada kavuka mpaka. Kasafisha meza yangu. Kapanga vibano kwa urefu, kafuta vumbi, na vichupa vya rangi, vilivyokuwa vimeganda vifuniko, kavifungua vyote akaviloweka vifuniko kwenye maji ya moto, akavisugua, akavirudishia. Vinang'aa. Nilimfokea mpaka nikaishiwa pumzi. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa, halafu akasema, "Umemaliza? Chakula kinapoa."

Nimekagua, hakuna kilichopotea. Mikwaruzo ya mwenzangu bado inasomeka, mmoja huku, miwili huku. Nikaona nimemfokea bure, lakini sikumwambia.

9 Mei

Siku kavu! Jua tangu asubuhi. Rangi hii haitaki unyevu, ukipaka mvua ikinyesha inafanya ukungu kama kioo cha bafu. Nimefunga banda mapema nikakimbia nyumbani.

Nilikuwa nimeamua jana. Nitaimaliza Ziro, nitaimaliza mwenyewe, vizuri kuliko zote, nimpelekee picha. Aone. Aone nini hasa sikujua. Labda aone meza hii na dirisha hili na moyo umvute.

Tumbo kijivu, likakauka. Mgongo, nikafungua chupa ya mkwaruzo mmoja, nikapaka kwa brashi yake bapa, toka puani kwenda mkiani kama anavyofanya yeye, bila kurudia pale pale. Pua nyeusi. Manjano kwenye ukingo wa mbele wa mabawa. Stika za maduara nilipozichovya majini zikavunjika vipande vipande, boksi ni la zamani na unyevu wa mvua hizi umezimaliza. Siku nyingine ningekata tamaa. Leo nikachukua bikari, nikakata matundu ya mviringo kwenye karatasi ya gundi, nikabandika, nikafungua chupa ya mikwaruzo miwili. Toka ile siku ya sufuria sijawahi kupaka duara tena. Hii ni kazi yake.

Nilipobandua karatasi, ukingo ulikuwa safi kama umekatwa kwa mkasi. Sikuona tofauti kubwa ya rangi, lakini mimi sioni tofauti siku zote. Nilikaa nikaiangalia mpaka dada akaniuliza kama naumwa tena. Nilikuwa nimefurahi.

12 Mei

Nimeipeleka Ziro kazini. Kinyozi kaizunguka mara mbili akasema, "Mzee, hii kali. Ina mtindo wake." Mteja aliyekuwa kwenye kiti na povu kidevuni akasema kweli kabisa. Dada naye jana alisema imependeza, ila akaongeza, "Wajapani hawaogopi rangi." Nikaona ni sifa.

Simu yangu haina kamera ya maana. Kinyozi kaipiga picha kwa simu yake, akamtumia mwenzangu. Kesho atapiga.

13 Mei

Jioni nilikuwa bandani kwa kinyozi, dada kapitia na mwavuli kunichukua kwa sababu mvua ilirudi. Simu ya kinyozi ikalia. Kijana wa watu kwa heshima zake akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

Mwenzangu hakusalimu. Akasema pole pole, "Fundi. Hii umeipaka mwenyewe?"

Nikasema ndiyo, kwa kujisifu.

"Kwa chupa nilizokuachia?"

Nikasema ndiyo, mmoja mgongo, miwili maduara. Halafu nyuma yake nikasikia kicheko cha binti yetu, kicheko cha mama yake kitupu, mtoto akalia kwa kushtuka. "Baba kapaka kinyume! Ndege nyekundu, maduara ya kijani! Mama, angalia!" Halafu akasema, hata si kwa ubaya, "Baba jamani, si nilikutumia ile ya fedha?"

Kinyozi akaangalia sakafu. Dada akaangalia Ziro, akaniangalia mimi. Nikachukua simu isiyo yangu nikaikata, nikaiweka kwenye meza ya mashine za kunyolea, nikatoka kwenye mvua bila mwavuli. Aibu ilinishika mpaka masikio. Si aibu ya rangi. Miaka yote nimeishi nayo, ningecheka mimi wa kwanza. Kilichoniuma ni kwamba niliipaka nikidhani inamwita, kumbe imemwonyesha tu kwamba ile ya fedha ilikuwa sahihi.

Nyumbani nimemgeukia dada. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mimi nilijua ndivyo Wajapani wanavyopaka. Mimi nimewajulia wapi Wajapani?"

"Vifuniko," nikasema. "Ulivirudishia vifuniko ovyo."

Akaziba mdomo kwa mkono. Akaisogelea meza, akachukua chupa mbili akazishika kwenye taa. Hakujitetea. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo huioni nyekundu? Tangu lini?"

Nikamwambia tangu kuzaliwa.

Akakaa juu ya kile kiti cha jikoni, juu ya nguo za kupiga pasi. "Ndiyo maana utotoni ulikuwa unatuletea matofaa mabichi. Na mimi nikawa nakuita mvivu wa kupanda mpaka juu. Miaka yote hiyo, mdogo wangu, nakuita mvivu." Akaanza kulia, dada yangu huyu ambaye mazishi ya mume wake aliyasimamia kwa macho makavu. Nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza. Tumekula tumechelewa. Hakuosha hata sahani.

14 Mei

Mvua. Sikupokea simu.

16 Mei

Mvua. Sikupokea simu.

19 Mei

Nimekuwa nikiandika hapa "mwenzangu" hivi na hivi kama namsimulia mtu mwingine. Msomaji ni wewe. Basi nikuambie. Asubuhi naamka upande wangu wa kitanda, na upande wako shuka halijakunjika, nami sina la kulilalamikia. Ulikuwa unavuta shuka nikilalamika. Nakukumbuka mpaka nakasirika. Redio nimeizima kwa sababu hakuna wa kuniambia niizime.

22 Mei

Leo nimepokea. Nitaandika kama ilivyokuwa, na wewe mwenyewe ulikuwepo, nikikosea utanisahihisha.

Ulisema, "Niko nje, uani. Nimewaacha ndani makusudi. Hakuna anayesikia." Nikasikia upepo wa huko.

Nikaanza, "Sisi sala—"

"Ukisema salama nakata." Ukavuta pumzi. "Binti anataka jibu. Nikae au nirudi. Nimemwambia nitakuuliza wewe, na leo usiniambie kaa tu, na usiniambie nyinyi mtakavyoamua. Tangu nimefika nakusikilizia, Fundi. Kila nikipiga, kaa tu, hapa shwari. Mkwe anasema mzee yuko imara. Mtoto wako anasema baba hana shida. Na mimi nikaanza kuamini. Nikaanza kujiuliza, kumbe pale nyumbani nilikuwa nafanya nini?"

Nikasema, "Nilikuwa nakuachia nafasi."

"Nani alikuomba nafasi?"

Dada alikuwa amesimama mlangoni na upawa, hakuondoka wala hakujifanya anapita. Kanitolea macho yale yale ya utotoni nilipogoma kunywa dawa.

Nikasema. "Rudi." Nikadhani hilo moja linatosha, kumbe lilikuwa kizibo tu. "Rudi nyumbani. Nyumba haikaliki. Siwezi kusugua bawa bila kusikia habari za majirani. Najua mtoto anahitaji msaada, najua naomba kisicho haki, lakini umeniuliza. Rudi. Na jambo jingine, nisije nikalimeza tena. Dukani kulikuwa na ndege za kila namna, za kijivu tupu, za fedha tupu. Nilinunua hizi za kijani na nyekundu kwa makusudi, miaka yote, kwa sababu ndizo ambazo siziwezi bila wewe."

Kisha ukasema, na nilisikia umetabasamu na pua imeziba, "Fundi, ulidhani sijui? Nilikuwa naingia nawe dukani. Unaziruka rafu nzima unakwenda moja kwa moja kwa Wajapani. Ukitoka hapo unaniambia, ah, tena ya kijani, itabidi unisaidie. Huigizi vizuri."

Ndipo dada akaninyang'anya simu. "Wifi, nisikilize mimi. Shangazi yupo. Mimi nimelea wangu na wa majirani, na huyu hapa nimemlea kabla yako. Nguo zangu ziko kwenye begi tangu nimefika, sikuzitoa, kabati lenu limejaa ndege. Wewe njoo, mimi naja huko. Mwambie binti shangazi yake anakuja, na asafishe nyumba kabla sijafika, nikifika ni mimi."

Mlicheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimekaa chini, hapo hapo sakafuni.

3 Juni

Mvua zimepungua. Barabara inatoa mvuke.

Dada kaondoka leo. Kwenye uwanja wa ndege, akiwa na begi lile lile, kanipa maagizo: kila nikitaka nyanya nimwoneshe muuzaji uso na niseme wazi, mimi sioni rangi, nichagulie. "Si aibu. Aibu ni kula mbichi." Nilitaka kumwambia samahani kwa siku ile ya vifuniko. Akaniambia nenda, najua, halafu akakaza mkono wangu. Nimerudi nyumbani, hakuna aliyesugua chochote. Nimemkumbuka hata yeye, sasa hii ni kazi.

Nguo za kupiga pasi nimezitoa kwenye kiti.

8 Juni

Umefika. Umelala chumbani, naandika kwenye meza ya dirishani, jua la mchana limeingia. Umekonda. Umeniletea picha za mjukuu na kweli kanuna. Umepita kila chumba ukigusa vitu, ukasema dada kaling'arisha hata tundu la funguo.

Ziro nilikuwa nimekwishaitolea dawa ya kuondoa rangi, nianze upya. Umeninyang'anya. Umeisimamisha juu ya redio, nyekundu na maduara yake ya kijani, ukarudi kidogo nyuma ukaitazama. "Iguse uone," umesema. Basi itakaa hapo.

9 Juni

Asubuhi umekuwa ukitafuta feni, nikakwambia ni mbovu, ukapanda stuli mwenyewe bila kuniita, nami nikaja kukushika hivyo hivyo. Ukateremka na boksi lenye vumbi. "Hii si ile aliyokutumia? Mbona hujaifungua?"

"Hiyo naweza kuijenga peke yangu," nikasema.

Umelifungua boksi kwa kucha, ukapekua fremu za plastiki, ukaitoa karatasi ya stika, yenye maduara mekundu yaliyopangwa safi, tayari kubandikwa. Umeikunja mara mbili ukaitia mfukoni. Umekivuta kile kiti cha jikoni, umechukua vichupa viwili ukavibadilisha vifuniko bila hata kuniuliza, umetafuta brashi yako.

"Maduara nitapaka mimi," umesema. "Sogea."

Nikasogea.